Usiandike Jina la Ukumbi Ndani ya Tamthilia

Sisi wapenda fasihi hatuishiwi mabishano. Shairi lisilo na vina ni shairi au si shairi? Riwaya ya fulani imeisha vizuri au imekatwa njiani? Mhariri fulani anawabana waandishi wapya au anawanoa? Ni mabishano mazuri, na mimi mwenyewe nimo. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya tunachokisoma haiko kwenye karatasi, iko kwenye tovuti, na bado sijasikia mtu akiuliza kijiweni kwetu: hadithi hiyo imehifadhiwa wapi hasa, na ufunguo wake kashika nani? Ukithubutu kuuliza unajibiwa, "Hayo ni mambo ya mafundi."

Naandika kuipinga kauli hiyo. Mkate wangu unatokana na kutengeneza tovuti, nikizunguka kati ya Mbagala ninakoishi na Mwenge waliko wateja wangu wengi, na fasihi naisoma kwa mapenzi tu. Kwa hiyo nina mguu mmoja huku na mwingine kule, na nasema hivi: mistari minne ya mipangilio ya kanzidata ina mamlaka juu ya uhai wa hadithi zetu kuliko mhariri yeyote unayemjua. Na namna mafundi wengi wa mjini hapa wanavyoiandika mistari hiyo ni uhuni mtupu, uhuni ambao wenye hadithi wanaulea kwa kukaa kimya.

Ngoja nieleze, maana si kila msomaji hapa ni fundi. Tovuti ya fasihi ina vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni msimbo, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta ionyeshe nini na wapi. Cha pili ni kanzidata, ghala lenye hadithi zenyewe, majina ya waandishi, maoni ya wasomaji na barua pepe zao. Msimbo hauwezi kuingia ghalani bila kujua mambo manne: anwani ya seva, jina la kanzidata, jina la mtumiaji na nywila. Kwenye WordPress, ambayo ndiyo inayobeba blogu nyingi za fasihi, mambo hayo yamo kwenye faili moja iitwayo wp-config.php, na yanaitwa DB_HOST, DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. Kwa wanaotumia Laravel yanakaa kwenye faili ya .env. Kwa wanaotumia Rails kuna database.yml. Majina ni tofauti, kazi ni ileile.

Sasa basi, tovuti iliyotunzwa vizuri haiishi mahali pamoja. Inaishi angalau mahali patatu. Kuna laptopu ya fundi, ambako anavunja na kujenga atakavyo. Kuna seva ya majaribio, ambako kazi mpya inakaguliwa kabla haijatoka nje. Na kuna seva ya kweli, ile ambayo wewe msomaji unaifungua ukiwa kwenye daladala la Tandika. Hayo ndiyo mafundi wanaita mazingira. Msimbo ni mmoja kote, lakini kila mazingira yanapaswa kuwa na kanzidata yake, mtumiaji wake na nywila yake. Ugomvi wangu wote uko hapo.

Nichukue mfano wa kwetu. Ebrahim Hussein alichapisha *Kinjeketile* mwaka 1969. Tamthilia hiyo inaweza kuigizwa Chuo Kikuu pale Mlimani, Bagamoyo, au kwenye bwalo la shule ya sekondari ya Temeke lenye feni mbovu. Maneno ya Kinjeketile hayabadiliki. Kinachobadilika ni ukumbi: swichi ya taa iko wapi, mlango wa nyuma unatokea wapi, ufunguo wa stoo anao nani. Ukumbi wa Bagamoyo una swichi zake, bwalo la shule lina zake, na anayejua hayo ni mwongozaji wa usiku huo. Mwandishi akiingiza kwenye kitabu chenyewe kwamba swichi iko kushoto mwa mlango wa bwalo fulani na ufunguo uko chini ya zulia, atakuwa ameharibu mambo mawili kwa mpigo. Tamthilia haitaigizika kwingine bila kuchapwa upya, na kila aliyenunua kitabu ameshajua ufunguo ulipo.

Fundi anayeandika nywila ya kanzidata ndani ya msimbo amefanya hivyohivyo, na bado anatucheka sisi watu wa fasihi kwamba hatujui teknolojia!

Nilichokiona si cha kusimuliwa. Kikundi kimoja cha waandishi vijana, upande wa Temeke, kilikuwa na tovuti ya hadithi fupi na mashairi. Hawakuwa na mchapishaji, na wengine walikuwa wakiandika kwa simu moja kwa moja ndani ya tovuti, bila nakala mahali pengine popote. Tovuti ndiyo ilikuwa daftari lao. Fundi waliyempa kazi ya kubadilisha mwonekano aliinakili folda yote ya tovuti kwenye laptopu yake, pamoja na ile faili ya mipangilio jinsi ilivyo. Kwa macho yake alikuwa anafanya kazi nyumbani, kwenye laptopu, hakuna wa kumdhuru. Lakini mistari minne ilikuwa bado inaelekeza kwenye ghala la kweli. Akatoa amri ya kusafisha kanzidata na kuijaza hadithi za mfano ili aone ukurasa unavyopendeza. Ukurasa ulipendeza. Wasomaji waliofungua tovuti jioni ile walikuta hadithi ishirini zenye kichwa kimoja: Hadithi ya Majaribio.

Niliitwa baadaye, mambo yakiwa yamekwisha. Nakala rudufu haikuwepo. Tulichookota tulikiokota kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za watu, vipande vipande, beti hazina mwisho. Dada mmoja alikuwa na mfululizo wa hadithi kuhusu soko la Mbagala Rangi Tatu, sehemu kadhaa. Tulipata sehemu mbili. Nilimuuliza kama hawezi kuziandika tena. Akaniambia, "Kaka, naweza kuandika nyingine. Zile siwezi." Sina cha kuongeza hapo.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia yote vijiweni. Niyapitie moja moja.

Jibu la kwanza: "Huyo fundi wenu mzembe. Mtu makini hawezi kufanya hivyo." Haya. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi misimbo ya watengeneza programu wa dunia nzima, ilifuta kanzidata yake yenyewe. Mhandisi alikuwa akihangaika usiku na seva iliyogoma kusawazishwa. Kulikuwa na seva mbili, na majina yao yalitofautiana kwa tarakimu moja: db1 na db2. Alikusudia kufuta folda kwenye db2. Alikuwa kwenye db1. Alipogutuka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla, na hata hivyo data ya saa hizo sita ilipotea. Wale walikuwa mabingwa. Kama umakini wa bingwa usiku wa manane hautoshi, umakini wa kijana wetu anayefanya kazi kwa bando la kuungaunga utatosha vipi? Umakini ni jambo jema, ila huwezi kuugeuza mlango. Mlango ni ule unaokataa kufunguka hata kama mwenye mkono wake kachoka.

Jibu la pili: "Sisi wadogo. Nani atahangaika na nywila ya blogu ya mashairi?" Hapa watu wanajidanganya kweli. Wanaotafuta nywila mtandaoni hawakai wakasoma mashairi yako kwanza. Ni programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine, mchana na usiku, na hazina habari kama wewe ni benki au kikundi cha washairi. Januari hiyohiyo ya 2017, maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi intaneti bila nywila zilifutwa na mahali pake kukaachwa ujumbe wa kudai malipo. Wakubwa nao hawajapona: mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya msimbo wa Uber iliyoko GitHub, hazina iliyokuwa ya faragha, wakakuta humo funguo za kuingilia ghala la data, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Neno "faragha" halikuwasaidia. Ufunguo ukishawekwa ndani ya kitabu, usalama wake ni sawa na usalama wa kitabu hicho mikononi mwa kila anayekisoma.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika hapa nchini tarehe 1 Mei 2023. Blogu ya fasihi yenye orodha ya barua pepe na namba za simu za wasomaji inatunza taarifa binafsi za watu, itake isitake. Fundi anayenakili kanzidata ya kweli kwenye laptopu yake "kwa ajili ya majaribio", kisha akapanda nayo daladala la Mbagala jioni, amebeba mapajani namba za simu za watu ambao hawakumruhusu. Mazingira ya majaribio yanataka data ya kubuni. Na sisi ndio watu wa kubuni, jamani! Tunashindwaje kumtungia fundi wasomaji hamsini wa uongo wenye namba za uongo?

Jibu la tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi: "Hayo ni mambo ya Ulaya, ya kampuni zenye hela." Hela gani? Kanuni ya kutenganisha mipangilio na msimbo iliandikwa waziwazi mwaka 2011 na Adam Wiggins wa Heroku, kwenye andiko liitwalo *The Twelve-Factor App*, na kusoma ni bure. Humo kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa wepesi wake: je, unaweza kuuanika msimbo wako hadharani sasa hivi, dakika hii, bila siri yoyote kuvuja? Kama jibu ni hapana, umeandika ufunguo ndani ya kitabu. MySQL ni bure, PostgreSQL ni bure, faili ya .env ni maandishi matupu ya mistari michache. Kinachogharimu ni kukubali kubadili mazoea, na hilo halihitaji wafadhili.

Halafu tuache kujifanya kwamba watu wa Dar es Salaam hatujui anwani hubadilika. Sisi ndio tunaojua kuliko wengi. Kuna watu walilala wakiwa Kinondoni wakaamka Ubungo, na wengine walilala Temeke wakaamka Kigamboni, katikati ya muongo uliopita wilaya zilipogawanywa, na wala hawakuhamisha hata kitanda. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yakahamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis. Aliyekuwa ameandika "Ubungo" kwenye kila ukurasa wa tovuti yake ya tiketi alikuwa na kazi ya kuwinda neno hilo shimo kwa shimo. Aliyekuwa ameliandika mahali pamoja, kwenye mipangilio, alibadilisha mara moja akaenda kunywa chai. Anwani ya kanzidata nayo huhama. Kampuni inayokukodisha seva inapandisha bei, au inafungwa, au unapata nafasi bora kwingine. Nimeshakabidhiwa tovuti ya fasihi ambayo anwani ya ghala imeandikwa kwenye mafaili zaidi ya thelathini, nyingine na nywila ya zamani, nyingine na mpya, na aliyeziandika kapata ajira mkoani na simu hapokei. Wenye tovuti walikuwa wakijiuliza kwa nini kila wakihama hadithi zinapotea. Hadithi zilikuwepo, ila mafaili mengine yalikuwa bado yanagonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Sasa niseme kinachotakiwa, kwa sababu kulalamika bila kuelekeza ni kupigana na upepo.

Mipangilio itoke kwenye msimbo ikae kwenye mazingira husika, kila mahali na yake. Ndani ya msimbo ibaki faili ya mfano tu, yenye majina ya vitu vinavyohitajika na nafasi tupu, ili fundi ajaye ajue ajaze nini. Faili yenye siri za kweli iwekwe kwenye .gitignore kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Na kama nywila ilishaingia kwenye Git, kuifuta leo hakusaidii, maana Git inatunza historia yote. Dawa ni moja, nywila ibadilishwe.

Kila mazingira yawe na mtumiaji wake wa kanzidata, na asipewe haki asizozihitaji. Tovuti inayosomwa na watu inahitaji kusoma hadithi, kuongeza, kurekebisha, na pengine kufuta moja moja. Haihitaji ruhusa ya kuteketeza jedwali zima. MySQL na PostgreSQL zote zinakuruhusu kugawa haki hizo kwa mstari mmoja. Kule Temeke, laptopu ya fundi isingekuwa na nywila ya ghala la kweli, amri yake ingeishia kwenye ukuta.

Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza: jina la mazingira na anwani ya kanzidata lazima vitembee pamoja. Laravel, kwa mfano, ikijua kwamba iko kwenye mazingira ya kweli, hukuuliza kwanza kabla ya kutekeleza amri za hatari kwenye kanzidata. Vizuri sana. Lakini inajuaje? Inasoma neno lililoandikwa kwenye mipangilio. Laptopu ikijitambulisha kwamba ni ya nyumbani huku anwani inaelekeza kwenye ghala la kweli, Laravel haitauliza kitu, itafuta. Rails, kuanzia toleo la 5 la mwaka 2016, ilikwenda hatua mbele zaidi: jina la mazingira linaandikwa ndani ya kanzidata yenyewe, kwa hiyo ukitaka kuifuta, ghala lenyewe linakukumbusha kwamba ni la kweli na amri inakataa. Napenda wazo hilo. Ghala linajijua, halisubiri kuambiwa na mgeni. Hata ukitumia WordPress unaweza kuiga nusu ya hekima hiyo kwa kuweka utepe mwekundu juu ya ukurasa wa usimamizi wa tovuti ya kweli na wa kijani kwenye ya majaribio. Daladala zetu tunazitambua kwa mistari ya rangi ubavuni ili mtu asipande la Mbagala akidhani ni la Mwenge. Tunashindwaje kuipaka rangi tovuti?

Mwisho, nakala rudufu ichukuliwe kila siku na ikae mbali na seva, na angalau mara moja kwa miezi michache irudishwe kwenye mazingira ya majaribio kuona kama inafufuka. GitLab walikuwa na njia za nakala, ila hawakuwa wamezijaribu. Na ufunguo washike watu wawili, mmoja wao awe mwandishi, si fundi peke yake.

Hapo ndipo ninapowageukia nyinyi, wasomaji na waandishi wa kurasa kama hizi. Fundi hufanya anachodaiwa. Kama mwenye tovuti anauliza tu "itapendeza lini?", atapewa cha kupendeza. Mchapishaji akipoteza mswada wako ungemfuata hadi ofisini, ungemsema mitandaoni, ungemtungia na shairi. Lakini tovuti ikipoteza hadithi mia moja tunasema "mtandao umeharibika", kana kwamba ni mvua. Mtandao haukuharibika. Kuna mtu aliandika anwani ya ghala la kweli mahali pa majaribio, na kuna mhariri ambaye hakuuliza.

Kwa hiyo kabla hujatuma hadithi yako nyingine kwenye tovuti yoyote, iwe ya rafiki yako wa Sinza au ya jarida lenye jina, uliza maswali matatu. Fundi wenu anafanyia majaribio kwenye kanzidata ipi? Nakala ya mwisho ilirudishwa na kukaguliwa lini? Fundi akiondoka leo, nani mwingine ana ufunguo? Wakijibu bila kubabaika, watumie. Wakikwambia hayo ni mambo ya mafundi, baki na hadithi yako, itie kwenye daftari, na uwaambie kwa nini.